Kupanda Kasigau na Watoto

Voi ni mji wa kupita. Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa hushuka hapa anyooshe miguu, anunue maji, aulize kama tembo wameonekana karibu na barabara, kisha aendelee na safari yake. Ndivyo ilivyokuwa tangu reli ya kwanza ilipokatiza nyika hii miaka ya 1890, na treni ya Madaraka iliyoanza mwaka 2017 haikubadilisha sana tabia hiyo. Hata sisi wenyeji tumezoea kujitambulisha kwa wanyama. Watoto wangu waliwajua simba wawili wa Tsavo kabla hawajajua kusoma. Wanajua kwamba mwaka 1898 simba hao waliwala wajenzi wa reli, kwamba mhandisi Patterson aliwapiga risasi, na kwamba ngozi zao ziko katika Makumbusho ya Field huko Chicago, ambako wamesimamishwa watu wawatazame. Hadithi hiyo hawaichoki.

Siku moja kifungua mimba wangu akauliza: watu wa hapa walikuwa wapi wakati huo? Sio wajenzi waliotoka India, sio Wazungu. Watu wa hapa.

Swali hilo ndilo lililotupeleka Kasigau.

Mtaita anapohesabu milima yake huitaja mitatu: Dawida, Sagalla na Kasigau. Dawida ndiyo mashuhuri. Lami inafika Wundanyi, kuna baridi ya kuvaa sweta, kuna mashamba ya mboga kwenye matuta na kilele cha Vuria chenye mita 2,208. Sagalla tunaiona kila siku hapa Voi, imetuinamia juu ya vichwa. Kasigau uko peke yake, kusini-mashariki, una mita 1,641, umechomoza katikati ya nyika ya ranchi kama kisiwa. Mgeni hana sababu ya kuufikia ila awe ameukusudia. Sisi tulikuwa na sababu. Nyanya yake mume wangu alikuwa mtu wa Kasigau, lakini alizaliwa Malindi. Katika familia jambo hilo hutajwa msibani, wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, likapitwa haraka ili watu wafike kwenye idadi ya watoto na wajukuu. Kwa nini mtoto wa mlimani azaliwe Malindi, na kwa nini wazazi wake walikuwa huko, hakuna aliyekaa kitako na wadogo akawaeleza.

Nasema wazi kwamba mimi siamini ule ushauri wa kuwangoja watoto wakue. Ndugu na marafiki waliniambia wa miaka mitatu hatakumbuka chochote, wa sita atachoka, na wa tisa ataogopa. Niliwasikiliza kwa heshima, kisha nikafunga mizigo. Mtoto hukumbuka alichokishika na swali alilojibiwa. Kuogopa ataogopa tu, maana dunia inatisha, lakini ni afadhali aogope akiwa ameshika mkono wa baba yake kuliko ayasikie mambo hayo baadaye, peke yake, kwa mtu asiyemjali.

Nyumbani hatukuwahubiria. Tuliwaambia mambo mawili tu: kwamba huo mlima ni kwao, na kwamba nyanya mkuu hakuzaliwa hapo kwa sababu kuna jambo lilitokea. Jambo gani? Tukawaambia watakwenda kulisikia huko huko, kwa mtu anayelijua. Hilo liliwafanya waamke kabla yetu siku ya safari.

Kutoka Voi hadi Maungu ni barabara kuu, malori mbele na malori nyuma. Pale Maungu tukakunja kulia, tukaiacha lami, na vumbi jekundu likatupokea. Pande zote ni vichaka vya ranchi, njia ya tembo wanaokwenda na kurudi kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Tuliwakuta watatu karibu na barabara, wamejipaka udongo hadi wakawa na rangi ile ile ya barabara. Ajabu ni kwamba watoto hawakuwashangaa sana, kwa vile siku hiyo tembo hawakuwa shabaha. Baba yao aliwaeleza kuhusu ranchi ya Rukinga na msitu wa ukanda huu, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukilindwa kwa fedha za biashara ya hewa ukaa, na wa kati akataka kujua hewa hiyo inafungwa ndani ya nini ikiuzwa. Tulicheka, ila ni swali ambalo nimelisikia likiulizwa kwenye baraza za wazee pia, na sijaona likijibiwa kwa ufasaha.

Mlima ulianza kuonekana ukiwa na wingu kichwani. Hilo wingu ndilo uhai wa vijiji vyote vinavyouzunguka, Rukanga, Bungule, Makwasinyi, Jora, Kiteghe. Chini ni nyika kavu ambako mvua hubahatisha. Juu kuna msitu wa ukungu: upepo wa baharini hupanda, hupoa, miti ikaunasa unyevu na kuudondosha, maji yakateremka. Humo msituni anaishi ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye haonekani popote duniani ila Kasigau na milima ya Taita. Nilipowaambia watoto hivyo, wa sita alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ndege huyo anajua.

Tulifikia Bungule, tukalala katika banda la wageni la kijiji. Jioni tulipeleka salamu kwa mzee mmoja ambaye shemeji alikuwa ametuunganisha naye. Simtaji jina kwa kuwa hakuomba kutajwa. Aliwatazama watoto mmoja mmoja, akauliza ni wa nani, na nyanya ya mume wangu alipotajwa akaanza kupanda na ukoo, fulani aliyemzaa fulani, mpaka akafika mahali ambapo jina la kwao na jina la kwetu yalikutana. Hapo akawaambia watoto, "Basi nyinyi si wageni. Kesho mtatembea na babu yenu." Tangu wakati huo wakamwita babu, naye akawaita wajukuu, na mambo yakawa mepesi.

Asubuhi tuliondoka jua halijapanda. Mzee alitoa amri moja ambayo ningependa kila mzazi anayepanda mlima na watoto aishike: mdogo kuliko wote atangulie. Kitinda mimba akawekwa mbele, nyuma ya kijana aliyetuongoza, na sote tukaenda kwa mwendo wake. Akisimama kutazama jongoo, msafara mzima unasimama. Akitaka kukaa, tunakaa. Kupanda kwa namna hiyo kuna faida ambayo sikuitarajia. Mtu mzima akisimamishwa mara kwa mara huanza kuona: ngazi ya mawe iliyopangwa na mkono wa binadamu, mti uliochunwa gome upande mmoja kwa ajili ya dawa, bomba la maji likiteremka kando ya njia. Kileleni hatukufika, wala hatukuwa na nia ya kufika. Kilele cha Kasigau ni kazi ya siku nzima kwa mtu mzima mwenye magoti mazuri. Tulichokitaka kilikuwa katikati ya mlima.

Zamani watu wa Kasigau waliishi huku juu mteremkoni, sio kule chini vilipo vijiji leo. Mlima ulikuwa boma lao. Mmisionari Johannes Rebmann alifika mwaka 1847, akauita Kadiaro katika maandishi yake, mwaka mmoja kabla ya kuiona theluji ya Kilimanjaro. Katika miaka ya karibuni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, na wenzake wamechimba na kupima mapango ya hapa, wakaonyesha kwamba mlima huu haukuwa pembezoni kama tunavyoufikiria. Watu wake walifanya biashara na pwani kwa karne nyingi.

Moja ya mapango hayo tuliingia. Si shimo refu la giza, ni jiwe kubwa lililoinama na kuacha nafasi chini yake, na mbele limezibwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo, ukaachwa mlango ambao mtu mzima anaupita kwa kuinama. Watoto walipita wima. Mzee aliwaeleza kwamba humu walifichwa ng'ombe na mbuzi maadui walipokuja, na mlango ukazibwa kwa magogo. Wa kati akajaribu kuhesabu mbuzi wangapi wangeenea. Alijipima, akampima mdogo wake, akapiga hatua kutoka ukuta hadi ukuta, na nusu saa ikapita katika hesabu hiyo. Hakuna mtu aliyemharakisha.

Mbele kidogo palikuwa na mahali tambarare, msingi wa nyumba uliozama kwenye majani. Kando yake kulikuwa na jiwe la kusagia. Katikati limeliwa, likafanya bonde laini lenye urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, kwa kusugua na kusugua kwa mikono ya wanawake ambao hatuyajui majina yao. Kitinda mimba aliweka kiganja chake katika bonde hilo, akakisukuma mbele na kukirudisha nyuma. Hakufundishwa. Jiwe lenyewe lilimwonyesha. Mzee akakaa juu ya jiwe jingine, akasema, "Sasa niwaambie."

Aliwaambia yote. Vita vya Wazungu, Waingereza na Wajerumani. Wajerumani walikuwa upande ule wa Tanganyika, na mwezi Agosti 1914 waliiteka Taveta. Lengo lao kubwa lilikuwa reli: wakiikata, jeshi la Waingereza linakosa chakula na risasi. Kasigau unatazama njia yote ya kuelekea relini, kwa hiyo kila upande uliutaka. Waingereza waliweka kambi hapa, nayo ikavamiwa. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowaonyesha adui njia. Agosti 1915 walivichoma vijiji, wakawateremsha watu mlimani, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, wakawahamishia Malindi.

Hapa kifungua mimba alimkatiza, akauliza kama ni kweli walionyesha njia. Mzee hakukasirika. Alisema hata kama alikuwapo mmoja, au wawili, mlima mzima haukuwa na watu wawili. Mtoto akafikiri, akasema, "Ni kama darasa lote kunyimwa mapumziko kwa kosa la mtu mmoja." Mzee akamwambia ndivyo hasa, ila adhabu hii ilidumu miaka ishirini.

Nimesoma maelezo kadhaa kuhusu adhabu za jumla katika enzi ya ukoloni, na sijaona mwandishi aliyefika haraka hivyo kwenye kiini. Watoto wanaijua dhuluma kwa kuwa wao ni wadogo, na kila siku mtu mkubwa huamua kwa niaba yao bila kuwauliza. Ndiyo sababu nashikilia kwamba historia hii ni yao kabla haijawa ya maprofesa. Tunapoilainisha, tukasema "watu walihama kwa sababu ya vita", tunawanyang'anya kitu ambacho tayari wana akili ya kukibeba.

Malindi kulikuwaje? Mzee aliwauliza wao kwanza: jana mlipotoka Voi mlihisije? Joto. Na hapa je? Baridi kidogo, upepo. Basi, akasema, fikirini mtu aliyezoea huku ameshushwa pwani, kwenye joto na mbu, hana shamba, hana akiba. Njaa ikawapata, malaria ikawapata, wengi wakafa. Hakutaja idadi, na sidhani watoto walihitaji idadi. Waliobaki waliruhusiwa kurudi miaka ya 1930, wengine wakiwa wamepitia Mwatate kwanza. Walirudi wakakuta msitu umezimeza nyumba. Wakajenga chini ya mlima, hapo vijiji vilipo hadi leo.

Wa sita alitaka kujua nyanya mkuu alirudi akiwa na umri gani. Baba yake alimjibu kwamba alikuwa msichana wa kuchota maji. Akauliza tena: alijuaje kwamba hapa ni kwao ikiwa hakuwahi kupaona? Hakuna mkubwa aliyejibu upesi. Mzee ndiye aliyesema mwishoni kwamba huko Malindi, kila jioni, wazazi waliwatajia watoto majina ya mahali: jiwe fulani, mto fulani, mti fulani. Waliporudi, watoto walikuwa wakipatambua mahali ambapo macho yao hayajawahi kufika. Nilimtazama mume wangu. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kulisikia hilo, na ni nyanya yake.

Kuna jambo moja ambalo mzee alilikataa. Kifungua mimba alikuwa amesikia shuleni kwamba Wataita wa zamani walifukua mafuvu ya wazee wao baada ya muda na kuyaweka katika mapango ya heshima, na kwamba watu walikwenda huko kuomba wakati wa ukame au ugonjwa. Ni kweli, desturi hiyo ilikuwapo kabla wamisionari hawajaipiga vita. Akaomba apelekwe. Mzee alimjibu kwa upole, "Huko hatuendi na watoto, mjukuu wangu, wala hatuendi na simu za kupiga picha. Wale wamelala." Sikumsihi. Ulikuwa ni mpaka wenye heshima, na nilifurahi watoto waliuona ukiwekwa. Wamezoea dunia ambamo kila kitu kinafunguka kwa kubonyeza kioo. Walihitaji kukutana na mlango unaolindwa na mtu ambaye ana haki ya kuulinda.

Mchana tuliteremka. Tulikula kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na watoto ambao nyumbani huchagua chakula walisafisha sahani. Kisha kina mama wa kijiji wakatukaribisha kivulini walikokuwa wakisuka vyondo vya mkonge. Mwanamke mmoja alichukua nyuzi mbili, akaziweka juu ya paja, akazisukuma kwa kiganja kuelekea gotini, kisha akazirudisha kwa mkupuo mmoja, na papo hapo zikawa kamba moja. Wa sita alijaribu, nyuzi zikafumuka. Akajaribu tena. Yule mama alimloanisha kiganja kwa maji kidogo, akamwambia asibonyeze sana. Alipopata kipande cha kamba chenye urefu wa kidole alinyamaza kimya, akaendelea na kazi, na ni katika ukimya huo maswali yake makubwa yalipotoka, bila kuinua macho: Wale watoto wachanga waliokwenda Malindi walibebwa na nani? Mama zao walipata wapi maziwa? Waliokufa, nani aliwazika?

Nimejifunza kutomkalisha mtoto mbele yangu nikamwuliza amejifunza nini. Mpe kazi ya mikono karibu na watu wazima wanaozungumza, na utasikia alichokibeba. Kule mlimani alisikiliza. Hapa, akisokota mkonge, ndipo alipofikiri. Wale kina mama walimjibu kwa yale waliyoyasikia kwa mama zao, kila mmoja akiongeza kipande, mmoja akimsahihisha mwenzake. Mzee alikuwa ametusimulia vita na amri na kuchomwa kwa nyumba. Wanawake ndio waliosimulia uji, na mtoto aliyebebwa mgongoni na dada mwenye umri wa miaka saba, na jinsi kilio cha msiba kilivyofupishwa kwa kuwa misiba ilifuatana mno. Kama tungeondoka baada ya mlima, tungebaki na nusu ya habari.

Tuliporudi Voi niliwapeleka makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo tunapita karibu nayo siku zote. Ni mahali safi, mawe yamepangwa kwa mstari, majina yamechongwa, nyasi zimekatwa. Hapo wamelala askari wa vita ile ile, waliokufa wakipigania njia ya kutoka Voi kwenda Taveta. Sina kinyongo nao, wengi walikuwa vijana waliotolewa mbali. Lakini kifungua mimba alitembea mstari hadi mstari akisoma, na aliporudi alisema hajaona jina la Kasigau hata moja. Nilimwambia hawamo hapa. Walikuwa vitani bila bunduki, na wamezikwa Malindi.

"Wapi Malindi?"

Tumeanza kuulizia. Mume wangu ameongea na shangazi yake mkubwa, ambaye anakumbuka mama yake akitaja mashamba na kisima, na ameahidi kutupatia jina la mtaa akikumbuka. Mwalimu wa mkubwa amemruhusu afanye habari hii kuwa kazi yake ya darasani muhula ujao, kwa sababu mtaala unawataka waanze na mazingira yao. Ameandika maswali yake kwenye daftari, na la kwanza ni kama kuna mtu huko Malindi ambaye wazazi wake waliwapa Wakasigau chakula, ili aende kumshukuru. Likizo ya Agosti tutakwenda, na safari hii shangazi atakaa kiti cha mbele.